Karatasi mbili kutoka kofia moja: hesabu ya uwezekano iliponitoa kwenye tuhuma ya wizi, Bunia

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Leo sina kazi, chai iko mezani, nikasema niwawekee kisa hiki. Sina faida ya kudanganya, maana hapo katikati mtaona mimi mwenyewe naaibika mbele ya wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwanamke, sekondari moja hapa Bunia. Watu wa Tanzania na Kenya, wakianza kuongea watu wetu humu ndani msicheke. Sisi ndivyo tunavyosema, na tunaelewana vizuri tu.

Ilikuwa ule wakati wa amani ya kulala jicho moja wazi.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu bado walikuwa wanaangalia nani kakaa karibu na nani kanisani. Miaka ya vita kila upande ulikuwa na shule yake. Yetu ilikuwa kati ya za kwanza kuwarudisha watoto wa pande zote mbili kwenye dawati moja. Majina ya makabila siyaandiki. Anayejua anajua, asiyejua hapungukiwi kitu.

Préfet wetu, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule, alikuwa na sheria mbili.

Ya kwanza, hakuna kuhesabu wanafunzi kwa upande. Ya pili, chochote kinachogombaniwa kinaamuliwa kwa tirage, yaani majina kwenye karatasi, karatasi kwenye kofia, mtu anafumba macho anatoa. Nani apandishe bendera, tirage. Nani asafishe choo, tirage. Hata walimu tulipata zamu za kusahihisha mitihani kwa kofia. Kofia yenyewe ilikuwa ya préfet, ya sufi, imechakaa, na tulikuwa tunaiheshimu kama korti.

Sasa ikaja habari ya Epulu, kwenye hifadhi ya okapi, yule mnyama wa msitu wetu. Gari moja la watu wa hifadhi lilikuwa linarudi kule, likawa na nafasi mbili kwa wanafunzi wa darasa la sita la sayansi, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, wiki nzima, kulala na kula bure, kumwona okapi kwa macho. Wakuu, sisi tunaishi Ituri na okapi tunamjua kwenye noti na kwenye vitabu tu. Darasa lilikuwa na wanafunzi kumi. Wote kumi hawakulala.

Préfet akaniita mimi, mwalimu wa darasa, nitoe majina Jumatano, mbele ya wote, baada ya bendera.

Nikafumba macho. Karatasi ya kwanza: Espérance. Ya pili: Joël.

Makofi yalianza, yakakatika katikati. Nilipofungua macho nikaelewa. Wote wawili ni wa upande mmoja. Na upande wenyewe ni wangu mimi.

Saa sita mchana uwanja ulikuwa umejaa wazazi.

Aliyekuwa mbele ni Papa Dorcas. Huyu ni mfanyabiashara wa mtaa wa Bigo, anayeleta maharagwe kwa lori kutoka Mahagi, mtu mzito, akisema neno mtaa mzima unalirudia. Binti yake Dorcas alikuwa mwanafunzi wangu bora wa hesabu, na ni wa upande ule mwingine. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Madame," akasema, "siye hatuko bajinga. Batoto bawili, bote ba upande moya, na weye njo ulitosha majina mu kofia. Kofia ile ilikuwa na macho."

Nikamjibu vibaya. Nina hasira za karibu, hata mume wangu anajua, na nilimwambia arudi kuuza maharagwe. Sijivunii.

Yeye akamgeukia préfet, taratibu kabisa, akampa hadi Jumatatu. "Kama iko vile, lundi batoto betu hawarudii hapa. Tutajenga yetu."

Na wazazi watano sita nyuma yake wakaitikia. Suala la Epulu lilikuwa limekwisha. Sasa lilikuwa darasa lenyewe, kurudi kule tulikotoka, kila upande na shule yake na ukuta wake. Na chanzo kitakuwa mimi, Madame mwizi.

Préfet aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema lakini siku ile alikuwa amechoka.

"Madame, tubadilishe jina moya tu. Espérance aende, na pa nafasi ya Joël tuweke mumoja wa kule. Mumoja huku, mumoja kule. Batu batalala."

Nikakataa. Joël nimwambie nini? Kwamba ametolewa kwa haki akarudishwa kwa sababu ya mahali babu yake alipozaliwa? Na tukishabadilisha, maana yake tumekiri kwamba tuliiba. Nikamwomba préfet anipe hadi Jumapili baada ya misa, awaite wazazi, nami nitawaonyesha. Akauliza nitawaonyesha nini. Nikasema hesabu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ijumaa nikaingia darasani. Tulikuwa kwa bahati kwenye sura ya uwezekano wa matukio mawili. Nikaandika ubaoni: mfuko una mahindi matano na maharagwe matano. Tunatoa punje mbili. Uwezekano wa zote mbili kuwa maharagwe ni ngapi?

Sikusema mahindi ni nani na maharagwe ni nani. Nilivunja sheria ya préfet kichwani mwangu tu, maana nilikuwa nimewahesabu usiku: watano kwa watano. Ndiyo maana kila mtu alitegemea mmoja huku na mmoja kule. Wanafunzi walielewa kabla sijaweka chaki chini.

Nikaendelea kwa kujiamini. Punje ya kwanza, nafasi tano juu ya kumi. Ya pili, tano juu ya kumi. Tunazidisha: robo. Nikapigia mstari.

Dorcas akanyoosha mkono.

"Madame, pardon. Espérance akishatoka mu kofia, anarudia tena mule?"

Nikasema hapana.

"Basi kwa ya pili hababaki kumi. Banabaki tisa, na ba upande wake banabaki bane. Ao Espérance ataenda Epulu mara mbili, akae pa siti mbili?"

Darasa zima likacheka, Espérance mwenyewe akaanguka juu ya dawati. Tangu Jumatano walikuwa hawajacheka pamoja. Wakuu, miaka yote nafundisha watoto tofauti ya kutoa na kurudisha na kutoa bila kurudisha, halafu siku jina langu linapotegemea tofauti hiyo, naisahau. Nilimpa Dorcas chaki, nikaenda kukaa kwenye nafasi yake.

Akaandika vizuri sana. Tano juu ya kumi, mara nne juu ya tisa. Ishirini juu ya tisini, yaani mbili juu ya tisa. Hiyo ni maharagwe mawili. Mahindi mawili nayo ni mbili juu ya tisa. Matukio hayo mawili hayawezi kutokea pamoja, kwa hiyo unajumlisha: nne juu ya tisa.

Akasimama anaiangalia ile nne juu ya tisa muda mrefu. Nami nikaiona wakati uleule. Kofia ikiwa safi kabisa, mtoaji akiwa malaika, bado karibu nusu ya mara kuna upande mmoja utatoka umenuna.

"Papa hawezi kuamini ubao," Dorcas akasema. "Anaamini mukono yake."

Basi Jumapili nikaja uwanjani, mbele ya wazazi, na mahindi matano, maharagwe matano, na kofia ileile ya préfet. Nilianza kwa kumwomba Papa Dorcas msamaha kwa neno nililomwambia Jumatano. Akaitikia kwa kichwa tu. Nikamwambia, baba, leo mimi sigusi. Fumba macho, toa mbili, onyesha watu, rudisha zote mbili, tikisa, anza upya. Mara tisa.

Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Mahindi ni nani?"

Préfet akakohoa. "Mahindi ni mahindi, mama."

Mara ya kwanza Papa Dorcas alitoa hindi na haragwe. Akatazama watu kama anayesema mnaona. Mara ya pili, hindi na haragwe tena. Nilianza kutokwa jasho, siwafichi. Bahati haisomi ubao, ingeweza kuniaibisha mara tisa mfululizo.

Mara ya tatu, maharagwe mawili.

Yule mama wa nyuma akapaza sauti: "Eh, Papa Dorcas! Na weye unaiba?"

Uwanja ulilipuka. Watu wa pande zote, hata mzee wa kanisa alishika mbavu. Papa Dorcas aliitazama ile mikono yake kana kwamba ni ya jirani. Akazirudisha, akatikisa kofia kwa nguvu, akafumba macho mpaka uso ukakunjana. Mahindi mawili.

Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu, lakini alitoa mpaka ya tisa, kwa sababu ni mtu wa kumaliza alichoanza. Punje za aina moja zilitoka mara tano, mchanganyiko mara nne. Ubao ulikuwa umesema nne na tano, na hiyo nayo niliwaeleza: hesabu haiahidi siku moja, inaahidi siku nyingi.

Akaniwekea kofia mkononi. Hakusema samahani, wanaume wa umri wake hawaisemi hadharani. Alisema, "Gari iende." Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ikawa nyingine kabisa, ya baba tu.

"Na weye, Dorcas? Chance yako ya kuenda ilikuwa ngapi?"

"Mbili juu ya kumi, papa."

"Na ya Joël?"

"Mbili juu ya kumi."

Akarudia polepole, mbili juu ya kumi, mbili juu ya kumi, akavaa kofia yake akaondoka.

Jumatatu nilifika mapema kuliko siku zote, nikasimama mlangoni naogopa kuhesabu. Walikuja wanane, maana wawili walikuwa njiani kwenda Epulu. Wanane, wakuu. Hakukosekana hata mmoja. Nilipogeuka kuandika tarehe ubaoni nilikuwa nalia, na chaki ikakatika.

Nilichojifunza: sisi tulikuwa tunadhani haki ni mmoja huku na mmoja kule, na kitu kikitoka tofauti tunatafuta mwizi. Haki ilikuwa ile mbili juu ya kumi ya kila mtoto kabla mkono haujaingia kwenye kofia. Baada ya hapo ni bahati, na bahati haijui babu yako alizaliwa wapi. Siku hizi nikifika kwenye sura ile nafundisha kwa furaha, na kosa langu la robo nawaonyesha kwanza, kabla ya jibu sahihi.

Sasa nawaachia jukwaa. Walimu mliomo, mnaifundishaje hii bila watoto kusinzia? Na nyie wengine, semeni ukweli wenu: mngekuwa ofisini kwa préfet ile Jumatano, jina la Joël mngelibadilisha au mngeliacha?