Kiputo Kimoja cha Hewa

Jumatano, katikati ya Julai. Ukungu ulikaa juu ya Embu mpaka saa sita, halafu manyunyu.

Leo nilirudi maabara ya hospitali kujua kama nitaruhusiwa kupika tena. Wanafunzi wawili wa shule ninayopikia walishikwa na homa ya matumbo, na wapishi wote tukapimwa choo. Siwezi kusema nilionewa. Wenzangu waliachiliwa, mimi nikaambiwa kuna vijidudu vimeota, vichunguzwe. Tangu hapo sijashika mwiko, shuleni wala nyumbani. Mama mkwe ndiye anayepika.

Kijana wa maabara alinionyesha vichupa viwili vyembamba. Kila kimoja kilitiwa maji mekundu yenye sukari yake, kisha vijidudu vyangu, vikalazwa kwenye joto. Ndani mna kachupa kengine kadogo, kichwa chini, ka kunasa hewa.

"Hii ni sukari ya maziwa, mama. Imebaki nyekundu, havijaigusa. Hii nyingine ni glukosi. Vimeila, ndiyo maana imekuwa ya manjano."

"Si ni kama uji ukichacha?"

"Ni hivyo. Lakini uji wako hutoa mapovu. Vijidudu vya homa ya matumbo huiacha sukari ya maziwa, na hula glukosi bila kutoa hewa."

Nikainama. Sijawahi kumwomba Mungu gesi, leo nilimwomba. Nilitaka kiputo kimoja tu, kama vile vya uji wangu, ninaoufunika jioni na asubuhi naukuta unanong'ona. Hakikuwepo. Ama labda sikuangalia vizuri, miwani yenyewe ni ya kuazima.

"Kuna kipimo kingine cha kuhakikisha," akasema. "Lakini usipike kwanza, mama."

Nyumbani kitindamimba alinipokea mlangoni. "Utatupikia?"

"Bado."

"Basi cucu apunguze chumvi!"

Mama mkwe, bibi yake, akajibu kutoka jikoni, "Huyu mamako alikuzoeza vibaya."

Tukacheka. Magoti yanamuuma na hajalalamika hata siku moja, hilo lazima niliandike. Nilikaa mlangoni, mikono mapajani. Kitunguu kilianza kuungua, nikasema, "Geuza, mama," halafu nikaona haya.

Tulikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyokaangwa na kabichi. Chumvi ilizidi kidogo, ama pengine ni mdomo wangu. Nilimaliza yangu, nikaosha sahani yangu kando.