Kitufe cha Matabishi

Mpaka leo nikiiona kompyuta ile natamani kuipiga teke, ingawa mimi ndiye niliyeitengeneza programu iliyomo, na programu yenyewe haina kosa hata moja. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Depo, yaani duka la chakula lenye kompyuta hiyo, ni ya mama mmoja, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Kamina, aliyemfuata mumewe kutoka mbali na hakutaka kukaa bure. Anauza unga wa mahindi, maharagwe, na samaki wakavu wanaoletwa kwa treni kutoka Bukama. Yeye anaishi kambini. Dukani alimweka mwanamke wa hapa hapa, mjane, mtoto wa wakulima, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Kwa kuwa mama wa depo haoni kinachoendelea mchana kutwa, roho yake haikutulia. Akaniita mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na diploma ya kompyuta na mifuko mitupu, nimtengenezee programu ya kusimamia biashara.

"Minyi nataka kitu ya mwepesi," aliniambia. "Hapana bile bya Kifaransa mingi. Na kama kitu inapotea, ionyeshe na rangi nyekundu, niione na macho yangu."

Nikajifunga kibwebwe. Niliondoa maneno karibu yote kwenye skrini, nikaweka picha: gunia, haragwe, samaki. Unagusa picha, unagusa idadi, basi. Asubuhi programu inajua unga uliopo, jioni muuzaji anapima uliobaki, na hesabu ikilingana skrini inakuwa kijani. Muuzaji aliielewa kabla chai yake haijapoa, akacheka kwa furaha. Sitajifanya mnyenyekevu: nilijiona bingwa.

Wiki ya kwanza ilikuwa nyekundu tupu. Kila jioni unga ulipungua, si sana, lakini kila jioni. Mama wa depo alishuka kwenye pikipiki, akaitazama skrini, kisha akamtazama muuzaji.

"Unga yangu inakwendaka wapi?"

"Mama, minyi haiko mwizi," muuzaji alisema. "Ile njo matabishi."

Kila mtu aliyekuwa pale alijua anasema nini. Huku kwetu mteja akishapimiwa unga halipi kwanza. Anauacha mfuko wazi na kukutazama, mpaka umwongezee konzi moja ya juu, ya bure. Hiyo ndiyo matabishi. Usipoitoa, hagombani na wewe. Anaenda kwa jirani, na kesho yake anapita mbele ya mlango wako akikusalimu vizuri kabisa. Konzi hizo ndizo nilizozisahau, mimi niliyezaliwa hapa na kubebeshwa unga wa matabishi tangu utotoni.

Lakini kusahau kunarekebishika. Siku iliyofuata nilileta kitufe kipya, chenye picha ya mkono uliojaa unga. Ukitoa konzi, unakigusa. Hesabu inalingana, mjane anabaki na jina lake safi. Kwa sababu jambo lilikuwa limeshafika kwenye jina lake. Kamina neno likisemwa dukani asubuhi, jioni limefika kwenye mazoezi ya kwaya, na mwizi haimbi mbele ya altare.

Mama wa depo alikitazama kitufe changu kana kwamba nimemletea nyoka.

"Toa ile. Atafinya kila saa. Atabeba unga yangu kwake, atasema iko matabishi."

"Basi tukataze matabishi, mama."

"Unataka bakiliya bangu bakimbie?" Alimaanisha wateja wake.

"Basi niruhusu programu isamehe kiasi kidogo kila siku."

"Mutoto yangu, nilikulipa juu ya kuona mwizi, hapana juu ya kumusamehe."

Nilimweleza kwa upole, nikamchorea kwenye karatasi, nikapandisha sauti, nikaishusha. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Alitaka unga utoke na usitoke. Programu gani duniani inaweza kumridhisha mtu wa namna hiyo?

Alipoondoka, nilikuwa nimewaka. Nikamwambia muuzaji: "Mama, acha kutoa. Chukua kijiti, sawazisha kipimo, gusa picha. Wakikimbia wateja, atajionea mwenyewe."

"Bantu batanisema," alijibu.

"Wiki moja tu. Nitakutetea."

Akachukua kijiti. Jioni hiyo skrini ikawa kijani kama majani ya muhogo, na mama wa depo akapiga makofi peke yake. Wateja waliacha mifuko wazi, wakangoja, wakarudisha unga, wakaenda zao. Programu haikuliona hilo, kwa sababu mteja anayeondoka mikono mitupu hana picha ya kugusa. Kabla wiki haijaisha, magunia yalikuwa yamesimama pale pale.

Nilikwenda kumtetea, na ninaapa nilikwenda. Nilisema ushauri ulikuwa wangu. Mama wa depo alinionyesha skrini ya kijani. "Masini yako iko muzuri, haina kosa. Huyu njo anafukuza bantu, uso yake imekauka." Akamfukuza mbele yangu, na mimi akanilipa sehemu ya mwisho ya kazi yangu. Nikaipokea. Nilikuwa na njaa.

Sasa kuna msichana mwingine dukani. Skrini ni kijani kila jioni, na unga unaingia wadudu.

Mjane ana meza yake ndogo karibu na stesheni. Kaka zake wanamletea mahindi kutoka shambani, anayasaga, anauza. Juzi nilikwenda kununua. Mbele yangu kulikuwa na wake wawili wa wanajeshi, wateja wa zamani wa depo. Aliwapimia mpaka kipimo kikafanya kilima, halafu akawatupia konzi, na konzi nyingine juu yake, huku wakitaniana.

Zamu yangu ilipofika alinisalimu bila chuki, akaniuliza habari za mama yangu. Akajaza kipimo. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kijiti kile kile, akakipitisha juu ya unga taratibu mpaka ukalala sawasawa, akaumimina mfukoni mwangu.

Sikulipa. Niliuacha mfuko wazi nikamtazama.

"Papa," alisema, "weye minyi nakupimia vile masini yako inapenda."

Nyuma yangu mtu aliniomba nisogee. Nikafunga mfuko, nikalipa.