Bi Mkubwa wa Nyuma ya Mlango

Mume wangu alikuwa na koti kabla ya kuwa na mimi. Koti la turubai lililopakwa nta, la kampuni kongwe ya Uingereza inayojisifu kwamba nguo zake watu hurithishana. Alilipata kwenye mitumba ujanani, Bujumbura, kabla ya kuhamia mji huu tunaoishi, na kwa kuwa nililikuta, nililiita bi mkubwa.

Watu huniuliza kama mavazi ya namna hiyo ni imara kweli au ni jina tu. Ni imara, na nasema hivyo kwa uchungu. Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Koti lile lilipanda naye vilima, likakwaruzwa na miiba, likanyeshewa Aprili nzima. Zipu haikuwahi kugoma. Kila masika yakikaribia alinunua nta ya nyuki kwa maseremala wa mtaa wa Gisozi, akaiyeyusha na mafuta, akalipaka taratibu uani. Nilimtania kwamba mke mdogo hajawahi kupakwa mafuta namna hiyo.

"Ngoja, zamu yako inakuja," alikuwa akijibu, bila kuinua kichwa.

Aliugua kifua, hakukaa sana. Baada ya mazishi sikutaka kitu kingine ila kile kilichoning'inia nyuma ya mlango. Nilikuwa nazamisha uso kwenye ukosi wake: nta, jasho, na tumbaku aliyoniapia kwamba ameiacha. Nguo nyingine zigawanywe, sawa. Hili nilitaka nibaki nalo, na harufu yake.

Kwao, siku ya kumaliza matanga, ndugu husafisha nyumba na kufua nguo za marehemu kabla ya kuzigawa. Niliporudi kutoka misa ya asubuhi, nilimkuta wifi yangu ameinamia beseni la maji ya moto. Juu ya povu palielea utando wa nta. Koti lilikuwa kwenye kamba, limepauka, limelegea.

"Wifi, angaria," akasema, akifuta machozi kwa bega. "Sasa iko safi. Nimesugua sana. Ilikuwa inanuka, sikutaka watu waseme kaka yangu alikuwa mchafu."

Alikuwa amefua huku analia. Ningemgombeza vipi?

"Asante, wifi," nikasema. Nikaingia ndani, nikalia hadi nikaishiwa sauti, na wageni wakadhani ni kilio cha kumaliza matanga.

Masika haya nimekwenda Gisozi mwenyewe, nikanunua nta, nikalipaka koti uani kama nilivyomwona akifanya. Jana mvua ilinikuta Kimihurura nikitoka kazini, mvua ya kweli, na koti halikupitisha hata tone. Watengenezaji wake hawakudanganya. Nilifika nyumbani mkavu, nikalivua, nikausogeza ukosi puani.

Nta tu.