Radio Niliyoichelewesha

Siku hizi vijana wa mji wetu wa Baraka wananiletea kompyuta zao nizivue bati la kiwandani na kuzivika mbao, kioo ubavuni na vitaa vya buluu ndani. Wiki iliyopita mmoja wao, mwenye studio ya muziki, aliniambia: "Fundi, chukua tu muda yako, mi sina haraka." Nikamjibu kwa ukali asioustahili: "Jumanne utaikuta tayari." Alicheka, akidhani ni maringo ya kazi. Maringo nilikuwa nayo zamani, na aliyeyalipia ni mtu mwingine.

Wakati wa vita hapakuwa na kompyuta hapa. Palikuwa na radio, nyingi zimepasuka ganda kwa kuangushwa tukikimbilia porini. Mimi nilizitengenezea maboksi ya mbao, na nilijiona fundi kweli kweli.

Rafiki wa marehemu mama yangu, mjane aliyelima mihogo upande wa barabara ya Fizi, aliniletea yake ikiwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Binti yake wa pekee alikuwa amevuka ziwa siku tuliyotawanyika, akiwa na mimba ya kwanza. Kila jioni radio ilisoma majina ya watu waliopotezana na salamu zao, na mama huyo hakukosa hata siku moja.

"Mutoto wangu, ifunge tu isianguke-anguke," alisema. "Marembo sitaki."

Nilimwahidi siku mbili. Ilikuwa Jumatatu ya kuelekea Pasaka. Jumatano boksi lilikuwa limekwisha, la mvule, na lilitoa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia. Nikatamani kulizungushia vipande vya kioo. Chema chajiuza, nilijiambia, nikaiweka radio mlangoni. Jioni majirani wa uani walijaa kusikiliza rumba. Saa ya majina ilipofika mtu akasema, "Toa hiyo ya vilio," na mimi, kwa mkono wangu, nikahamisha stesheni. Nilifanya hivyo jioni zote.

Ijumaa yule mama alikuja kwa miguu. Nikamwambia gundi haijakauka. Ilikuwa imekauka tangu juzi.

"Haya, mutoto wangu. Mi nilitaka tu kusikiya majina."

Akaondoka mapema, maana njia ile ilikuwa na askari na hakuna aliyeipita jioni. Nilimpelekea Jumatatu ya Pasaka. Alilisifu boksi, akanipa kuku. Kuku huyo nilimla.

Vita vilipopoa, binti alirudi. Nilikuwa nimeketi kwa mama yake, nikinywa chai. Binti hakukaa hata chini.

"Mama, nilikutumia salamu mu radio mara tatu, ile juma ya kuelekea Pasaka. Nilisema ukuje, niko karibu kuzala. Mutoto alikufa mu mikono yangu, niko peke yangu. Ulikuwa wapi?"

Mama alinitazama. Hakuwa amesahau radio ilikuwa kwa nani juma lile, niliona wazi. Kisha akamgeukia binti yake.

"Unisamehe. Nililala. Ni uzee."

Nilikuwa na mdomo, nami nikautumia kunywa chai. Nimejichukia kwa hilo kuliko hata kwa ule uongo wa gundi.

Waliishi nyumba moja miaka mingi. Binti alimpikia, alimfulia, lakini maneno alimpimia. Siku moja nilimkuta mama peke yake, nikamwambia nataka kusema ukweli. Akanikatalia.

"Wacha. Mi ni mama yake, siku moja atanisamehe. We hatakusamehe."

Nilishukuru. Aibu iliyoje, nilishukuru, nikaenda zangu nyumbani nikalala vizuri.

Tulimzika mwaka jana. Kabla ya udongo kutupwa, binti aliinama kaburini, akasema kwa sauti tuliyoisikia wote: "Mama, ile usingizi nimekusamehe." Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia pamoja nao.