Kivumbasi cha Mama Mdogo

Nilifika Mchinga nikiwa nimetumwa na ndugu zangu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumbani alibaki mke wake wa mwisho, tuliyemwita mama mdogo. Wenzangu waliamini kwamba yeye ndiye aliyemmaliza mzee kwa mafusho yake ya kivumbasi: alimfukiza Jumatatu, Alhamisi tukazika. Kazi yangu, mimi nisiyemaliza miaka miwili katika mji mmoja, ilikuwa kumwambia aondoke.

Kabla sijamwambia, homa ikanishika. Zahanati walinipima, hawakuona malaria, wakanipa vidonge. Asubuhi iliyofuata nikamwona nyuma ya choo, kwenye kichaka cha kivumbasi chenye maua madogo meupe, anachuma. Aliporudi nikamsalimu.

"Shikamoo, mama mdogo."

Alinipita kama anapita nguzo, midomo kaibana.

Hapo nikaamini yote. Kwetu mtu mzima hanyimi marahaba hivi hivi. Nikamfuata jikoni, nikakagua kila alichotia chunguni: majani, maua, maji. Kando kulikuwa na majani mengine chini ya ungo.

"Na hayo ya nini?"

Kimya. Nikafunua. Kisamvu.

"Mama mdogo, nasema na wewe! Na baba ulimnyamazia hivi hivi?"

Akatupa mwiko. "Haya, nimesema! Umefurahi?" Akakitoa chungu nje, akamwaga vyote. "Mwanamume mzima na ndevu zako, hujui mchuma dawa hasemi na mtu mpaka chungu kichemke? Huko kote ulikotembea ulipeleka miguu tu?"

Mwiko huo nilikuwa naujua. Bibi yangu wa Kinjumbi alikuwa hivyo hivyo, na sisi watoto tulimkimbilia makusudi kumwamkia, tuone atakavyotutolea macho. Sijui jambo lile nililiangusha njia gani.

Akarudi nyuma ya choo, kajishika goti. Safari hii sikumsemesha. Chungu kilipochemka akanipa blanketi nijifunike, nami nikasita. Harufu ilikuwa ile ile ya chumba cha baba siku zake za mwisho. Akaniangalia, akacheka puani, akaingiza na yeye kichwa ndani ya blanketi.

"Haya, tufe wote."

Tukatoka jasho mpaka maji yakapoa.

Mchana kaka akapiga simu. "Umeshamwambia?"

"Homa imepungua."

"Nani kakuuliza homa?"

Nikamjibu kwamba kama anaitaka nyumba, aje aseme mwenyewe. Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa ameacha kupepeta mchele.

"Aseme nini?"

Nikakaa mkekani, nikamweleza, pamoja na yale ya Jumatatu na Alhamisi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, macho kayatuliza kwenye mikono yangu kama mtu anayechunga mwizi. Kisha akasema kesho nipande gari la Lindi, na kaka yangu akitaka kuja, aje na wazee wa ukoo, wala asije kulala.