Safu ya Misalaba ya Mbao

Watu wa Kamina tunapenda mazishi kuliko makaburi. Siku ya kuzika tunajaa mpaka wengine wanakosa pa kusimama, tunalia, tunaimba, tunakula. Miezi miwili ikipita nyasi zimeota, na wa kuzikata haonekani mpaka tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, padri anapokuja na maji ya baraka. Hapo ndipo utayaona majembe. Miaka mingi nimelisema jambo hili kwa ukali, kanisani na sokoni, nikijiona bora kuliko wenzangu, kwa kuwa kaburi la mama yangu lilikuwa safi mwaka mzima. Siku hizi nalisema kwa sauti ya chini.

Mama amelala katika makaburi ya Wakatoliki, upande wa watu wa reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, na mama alipofariki wenzake walimchomelea msalaba wa chuma karakanani. Familia zote za reli zina misalaba ya chuma. Nyuma ya mama kuna safu ya matuta madogo tisa, watoto wa askari. Misalaba yao ilikuwa ya mbao za masanduku, majina yameandikwa kwa rangi au kwa msumari wa moto. Askari hana makao: leo yuko Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, kesho amehamishiwa upande mwingine wa nchi, na mtoto aliyemzika anabaki bila mtu.

Hapo ndipo nilipopata rafiki. Mumewe alikuwa askari, na binti yao wa miaka miwili alikufa kwa malaria hapa mjini, wakamzika katika safu ile. Kila Jumamosi alikuja kupalilia, nami nilikuwa napalilia kwa mama, tukapeana migongo hivyo wiki nyingi, mpaka siku moja akaniomba maji ya kunywa. Alitoka mbali, jimbo la Équateur, na Kiswahili chake alikiokota kambini. Mumewe alipohamishwa alikuja kuniaga palepale makaburini, akanishika mikono yote miwili.

“Minakuachia mutoto,” aliniambia. “Weye njo utakuwa mama yake huku.”

Niliitika, na niliitika kwa moyo. Mwaka wa kwanza nilimlimia kila mwezi. Nilikuwa nalifuata jina lake msalabani, sikuwahi kuhesabu ni tuta la ngapi. Mwaka wa pili nikaanza kuishia kwa mama, nikigeuza shingo tu kuangalia kama ule msalaba bado umesimama. Asiyekuwapo na lake halipo, nasi huusema msemo huo tukicheka, lakini siku hizi sicheki tena.

Mwaka wa tatu kiangazi kilikuwa kikali, goti lilikuwa limeniuma miezi mingi nisishike jembe, na nyasi za kaburi la mama zilinifika kiunoni. Niliona kulima ardhi kavu namna ile ni kujitesa bure. Nikawasha kiberiti. Mama angekuwa hai angeniambia haraka haraka haina baraka, kama alivyoniambia tangu nikiwa mtoto, nami ningemnunia kama nilivyomnunia siku zote. Upepo ukageuka. Moto ukaruka kaburi lake ukaingia safu ya nyuma, nikaupiga kwa tawi bichi mpaka nikaunguza mkono. Ulipozimika, msalaba wa chuma ulikuwa mweusi, lakini umesimama. Misalaba tisa ya mbao ilikuwa majivu.

Walioyaona majivu wakasema ni wawindaji wa panya, maana wao huchoma nyasi kila mwaka. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikwenda parokia kuomba waniangalizie kitabu cha marehemu. Jina la mtoto lilikuwamo, na siku yake ya kuzikwa, lakini mahali hapakuandikwa. Mvua zikaja mara mbili, matuta yakashuka, yote tisa yakafanana. Kwa aibu sikukanyaga tena nyuma ya kaburi la mama.

Mwaka jana rafiki yangu alirudi. Alishuka treni akiwa amekonda, akafikia kwangu. Mumewe amestaafu, miguu imekufa, hawezi kusafiri, na alikuwa amemwomba jambo moja: udongo wa mtoto wao. Kwao, maiti isiyoweza kuletwa nyumbani, huletwa udongo wake, ukazikwa miguuni pa bibi yake. Mzee alitaka kuliona hilo kabla hajafa. Ndio huo aliokuja kuuchukua, safari ya wiki nyingi, treni na boti.

Njia nzima ya makaburini nilikuwa natafuta maneno. Aliingia mbele yangu, akasimama penye safu, akauliza misalaba iko wapi. Nikamwambia wawindaji wa panya walichoma. Akayatazama yale matuta, akanitazama mimi.

“Wangu njo gani?”

Mkono wangu ukanyooka wenyewe, ukaonyesha la tatu. Alipiga magoti, akazungumza na mtoto kwa Kilingala kwa muda mrefu. Kisha akatoa kijiko kidogo, kile alichokuwa akimlishia uji, akachota udongo akaufunga katika kitambaa cheupe. Nilisimama pale nikajichukia.

Treni ya kurudi ilichelewa siku mbili, na kwa treni zetu hiyo si habari. Siku hizo mbili nilimtazama akiishi na kitambaa kile. Hakukiweka sakafuni. Alinawa mikono kabla ya kukishika. Alipolala alikilaza upande wa ukuta, asije akakiangusha, kama mama anavyomlaza mtoto mchanga. Chakula changu niliwagawia watoto wa jirani. Mwenyewe alidhani nasikitika kwa sababu anaondoka, akawa ananibembeleza mimi.

Siku ya tatu tulikwenda stesheni. Mchana wakatuambia treni imetoka Bukama, itafika jioni. Tulikaa kwenye mizigo, pamoja na akina mama waliokuwa wanasubiri samaki wao, kitambaa kipo mapajani pake. Niliwaza kwamba nikinyamaza mpaka jioni, hakuna atakayejua kamwe. Nikamwona yule mzee wa miguu iliyokufa akimzika mtoto wa mtu mwingine, akifa ametulia. Labda ingekuwa heri kwake. Lakini kulikuwa pia na mwenye udongo ule, mtoto niliyekuwa nampeleka mbali na mahali mama yake atakapokuja kumtafuta.

“Ule moto njo minyi niliwasha,” nilimwambia. “Na kaburi ya mutoto siyui.”

Hakulia, wala hakunitukana. Ningependa anitukane. Alikitazama kitambaa.

“Mutoto wa nani iko mu kitambaa yangu?”

Aliinuka, akawaachia akina mama mizigo yake, akatangulia. Nilimfuata nyuma na goti langu, na hakugeuka hata mara moja kuona kama nafika.

Makaburini alikwenda kwenye tuta la tatu, akaurudisha ule udongo wote, akaukandamiza kwa kiganja, akamwomba mtoto wa watu msamaha. Mimi ndiye niliyepaswa kuomba. Kisha akaanza mwanzo wa safu. Kijiko kimoja tuta la kwanza, kijiko kimoja la pili, na kila alipopiga magoti alisema maneno machache kwa Kilingala. Alinipa kitambaa nikishike wazi, naye akawa anatia. La tatu hakuliruka. Tulipofika la tisa akafunga fundo, akasema bila kuniangalia:

“Humu ndani mumoja iko wangu. Bengine batamusindikiza.”

Kiberiti sibebi tena. Naenda na jembe, naanza na yale tisa, mama anangoja. Tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, akija mtu kutafuta mtoto wake katika safu ile, namwambia ni nani aliyechoma misalaba. Wako walionitemea mate miguuni. Nayafukia kwa jembe, naendelea kulima.

Jioni ile treni ilifika kabla jua halijatua. Nilimsukumia mizigo mlangoni, nikanyoosha mkono nimuage. Hakunipa wake. Huwa najiambia ni kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imebeba watoto.