Foto Isiyo na Rangi na Mbuzi Wangu

Jumatano ya mwezi wa pili. Mvua ilianza asubuhi mapema, ikakatika, ikarudi na upepo wa ziwa. Mulima wa moto haukuonekana siku nzima.

Niliwaza kuandika tu juu ya vitu vipya vilivyoingia katika uwanja wetu hapa Katoyi, maana kila mwaka kunakuja kitu na ninasahau kilichotangulia. Sikusoma sana, basi mutu akiona nimekosea anivumilie. Kuna taa ndogo ya jua yenye redio ndani. Ukiisahau mvuani inaendelea kuimba lakini haiwaki. Kuna vile visikilizio visivyo na kamba, mutoto wangu wa kike anaviweka masikioni na kuitikia mambo ambayo sikusema. Kuna programu ya kutafsiri: unaiambia neno kwa Kifaransa, inakujibu kwa Kiswahili kisafi kama cha padri mugeni, mpaka unaona haya kufungua kinywa tena. Na kuna ramani ya telefone yenye kuonyesha mabati ya watu kutoka juu. Nyumba ya marehemu mama yetu upande wa Munigi, ile ambayo lava iliimeza, kwenye ramani bado imesimama, pamoja na muparachichi wake. Mutoto alisema ni foto ya zamani, bado hawajaibadilisha. Nilimwambia wasijisumbue.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni programu ya kutoa rangi kwenye foto. Ile ndiyo iliyoniua.

Mulima ulipopasuka, na ardhi ikaendelea kutetemeka, tuliambiwa tutoke mjini. Sisi tulishika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani. Telefone yangu ilizimika njiani. Jirani yetu, yule mwanamume ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, yeye alivuka mupaka, akalala kwa ndugu yake penye umeme na rezo ya telefone. Kule akapata hiyo programu. Alitafuta foto ya kuijaribia, akaona moja yangu niliyopigwa kwenye ubatizo wa mutoto wake, nikikoroga sufuria, nikicheka. Akaitoa rangi. Ilipendeza, akaiweka kwenye statu ya telefone yake, pale kila mwenye namba yake anaona, na maneno mawili: “Jirani yangu.”

Nataka kuwa wa haki. Hakuandika kwamba nimekufa. Hakuweka mushumaa wala musalaba. Lakini huku kwetu nani hajui? Mutu muzima anawekwa na rangi zake. Ukiona sura bila rangi kwenye statu ya mutu, hauulizi, unatafuta kitenge cha kujifunga uende kwenye kilio.

Foto ilipita kwa huyu na yule mpaka ikafika Rutshuru, kwa yaya wangu, dada yangu mukubwa. Alijaribu kunipigia, telefone imezimika. Basi akatoa viti nje, wamama wakaja kukaa chini naye, na watu wa kilio lazima wale. Yaya alikuwa na mbuzi mmoja tu wa kufaa, na mbuzi huyo alikuwa wangu. Nilikuwa nimemuachia amuchunge. Jike, mwenye mimba. Walimuchinja, wakanilia mimi kwa machozi na nyama.

Nilipopata umeme na kupiga telefone, yaya aliangusha yake. Nilipofika kwake kumuonyesha kwamba ni mimi, alinishika uso kwa mikono miwili, halafu akakumbuka mbuzi. Kulikuwa kumebaki makongoro manne, miguu yake na kwato, juu ya moto, yamekauka na moshi. Akanifungia nirudi nayo nyumbani. Sikumukasirikia. Yeye alifanya inavyotakiwa.

Jirani nilimufuata aliporudi. Nilimueleza kwa heshima, nikimwita papa kama mukubwa: papa hivi, papa vile. Alicheka mpaka akashika ukuta.

“Sasa mama, si umefufuka? Mutu aliyefufuka anatafuta mbuzi wa nini?”

Tangu siku hiyo akaniita Marehemu. Marehemu, umeamkaje. Marehemu, unikopeshe chumvi. Avenyu nzima ikashika. Hata mwenye kuuza makala ya kupikia alikuwa anauliza kama Marehemu atachukua gunia ao kikapo.

Niliweka hiyo rohoni miaka. Nilimutolea mutoto wangu telefone, nikamwambia anionyeshe jinsi ya kutoa rangi. Nilikuwa na foto ya jirani amelala kwenye kiti, kinywa wazi, mikono juu ya tumbo. Haikuhitaji kazi nyingi. Bila rangi alikuwa amekufa kabisa. Niliiangalia mara nyingi, kidole juu. Kilichonizuia si wema. Ni bibi yake wa ndoa. Yeye hakunikosea, na ndiye angepaswa kuwapikia watu wa kilio. Na ndugu zake wangekuja wamekopa nauli. Nilitaka mbuzi mmoja kwa mbuzi mmoja, isizidi. Pengine mutu aliyesoma angekuwa amekwisha kusamehe. Mimi sijui wanafanyaje.

Halafu waasi wakaingia mji. Siku zile foto zisizo na rangi zilijaa kwenye telefone za watu wote, na zilikuwa za kweli. Nilifuta ile ya jirani. Sikuifuta kwa kumuhurumia. Niliona haya iwe pamoja na zile zingine. Kisha umeme ukakatika, rezo ikakatika, mutu asijue ndugu yake yuko wapi.

Kwetu kulikuwa na pano ya jua ya kutoa umeme juu ya bati, na mimi nilikuwa na kadi ya telefone ya ng’ambo ya mupaka. Ukipanda kwenye kona ya ukuta, juu ya mawe ya volkano, rezo ya kule inashika kidogo. Jirani aliniona pale juu. Akaja na kofia mkononi.

“Mama,” alisema, na sikusikia Marehemu, “unisaidie kafoto kamoja. Mama yangu yuko Bukavu. Najua ananipigia siku zote hizi, hanipati. Ajue tu niko muzima.”

Nilimupiga foto palepale, na rangi zake zote, na shati lake jekundu. Nikaituma bila kumuomba kitu. Mama yake ni muzee, naye pia hakunikosea.

Tulingoja. Telefone ikalia: sauti ya kurekodiwa imefika. Alinyoosha mukono. Niliiweka telefone ndani ya kitenge, kifuani.

“Jibu limefika,” nikasema. “Leta mbuzi.”

“Mama, utanifanyia hivyo kweli?”

“Nilifanyiwa.”

Alinitazama kama mutu anayengoja nicheke. Sikucheka. Alikuwa na dume moja, nono, alilolificha jikoni kwa sababu watu wenye bunduki walikuwa wanapita wakichukua mifugo. Alikwenda akalileta kwa kamba, taratibu, akanipa kamba mukononi. Ndipo nikafungua ile sauti, nikaishika katikati yetu, sote wawili tusikie.

Muzee alikuwa analia na kucheka. Alisema mutu fulani alimwambia ameona jina la mwanae kati ya waliozikwa. Alisema viti viko nje tangu jana, wamama wako chini, na kuku wake wote wamekwisha kuchinjwa. “Sasa nitawaambia nini hawa watu, mwanangu? Wameshiba.”

Jirani alikaa juu ya jiwe. Mvua ilikuwa inamunyeshea, mimi nimeshika kamba. Sitasema uongo: nilifurahi. Nilifurahi na kuku wa yule muzee walinisikitisha, yote mawili pamoja.

Akasema: “Mbuzi wako alikuwa na mimba?”

“Alikuwa nayo.”

“Basi hili dume halitoshi.”

“Halitoshi,” nikamujibu. “Lakini limefika.”

Mutoto wangu alitaka tulifuge. Nilimwambia wenye bunduki watalichukua kesho, na hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine sikumwambia: nilitaka moshi wake upite juu ya ule ukuta.

Tulipolichinja, makongoro yake manne niliyaosha vizuri, nikayachoma manyoya, nikayafunga kwenye jani la mgomba, nikamutuma mutoto ayapeleke kwa jirani. Niliwaza kuongeza kipande cha mguu kwa ajili ya bibi yake. Nikapima, nikaona hapana: mimi nilipofufuka nilipewa makongoro tu. Halafu nikapima tena, nikamutumia bibi nusu ya ini, ndani ya sahani yake, nikamwambia mutoto amukabidhi yeye mwenyewe mukononi.

Jioni ile tulikula bugali ya muhogo, mboga ya lengalenga, na nyama ya mbuzi yenye vitunguu vingi. Ilikuwa ngumu kidogo. Nilijiongezea mara mbili.